Strayhorn ndani ya bendi ya Duke: dili la mdomo lililodumu karibu miaka 30

Kila tukipiga "Take the A Train" mazoezini lazima kuna kijana mgeni atasema aah, huu si ndo ule wa Duke Ellington, yule mpiga piano na bosi wa bendi ya jazz Marekani. Na mi lazima nimjibu hapana bana, huo ni wa Billy Strayhorn, mtunzi na mpangaji aliyekuwa nyuma ya Duke, af naangaliwa kama nimetukana mzee wa watu. Nimekisimulia hiki kisa vipande vipande miaka mingi, mara nyingi wakati watu wanafunga vyombo na mawazo yako kwenye daladala ya mwisho, kwahiyo leo nakiandika chote kikae sehemu moja.

Niseme mapema nasimama wapi. Stori hii wengi wanaisimulia kama ya mwizi na aliyeibiwa, Duke kamla Strayhorn, basi. Mi sioni hivyo. Ninachokiona ni dili lisilo na karatasi ambalo lilimlisha mtu, likamvalisha, likampa bendi bora duniani ya kujaribia kila alichokiota usiku, na hilo hilo dili likameza jina lake. Ukilivuta upande mmoja na upande wa pili unakuja nao.

Jamaa mwenyewe alizaliwa tarehe 29 Novemba 1915 Dayton, Ohio, akakulia Pittsburgh, mji wa viwanda vya chuma, nyumbani hali ya kuunga unga. Utotoni alikuwa anapelekwa kwa bibi yake North Carolina na bibi alikuwa na piano, ndo alikoanzia. Ndoto yake ilikuwa muziki wa klasiki, ila mtu mweusi Marekani miaka ya 30 kupanda jukwaa la klasiki hiyo sahau. Akaishia duka la dawa, anauza soda kaunta na kupelekea watu oda majumbani, usiku anaandika. "Lush Life" alianza kuiandika akiwa bado kwenye utineja, na mpaka leo kuna waimbaji wazima na mvi zao wanaiogopa, maana ule wimbo ukipoteza noti moja kurudi ni kazi.

Desemba 1938 Duke anapiga Stanley Theatre hapo Pittsburgh. Rafiki wa rafiki anampenyeza Strayhorn nyuma ya jukwaa, Duke yuko kwenye chumba chake anajiweka sawa. Dogo anakaa kwenye piano anapiga "Sophisticated Lady" ya Duke mwenyewe, nukta kwa nukta kama Duke alivyoipiga jukwaani muda mfupi uliopita. Af anamwambia, na sasa mi ningeipiga hivi, anaibadilisha ki, yaani noti ya nyumbani, anaigeuza kordi zote, yaani noti zinazopigwa pamoja. Yaani uende kwa mzee wa watu, miaka 39, bendi kubwa kuliko zote, umsahihishie wimbo wake mbele yake! Duke akaita mtu wa kwanza aje asikie, Harry Carney wa saksafoni ya baritoni, af wengine.

Kazi ya kueleweka hakumpa. Alimpa maelekezo ya kufika kwake Harlem, mtaa wa New York, panda treni ya A. Strayhorn akayafanya yale maelekezo kuwa wimbo, na mwanzoni mwa 1939 akahamia New York. Muda si mrefu bendi ikaenda Ulaya, yeye akabaki nyumbani kwa Duke na mtoto wa Duke anaitwa Mercer na dada wa Duke anaitwa Ruth. Akawa anachukua makaratasi ya muziki ya Duke anayachambua moja moja kama fundi aliyefungua injini ya mwenzake wakati mwenyewe kasafiri.

Hapa nisimame kidogo maana bila kuelewa kilichokuwa kwenye yale makaratasi kisa kizima hakieleweki. Bendi kubwa ya enzi hizo, hii ya Duke ya 1941 ilikuwa watu 15: tarumbeta 3, tromboni 3, saksafoni na klarineti 5, na wanne wa rithim, yaani piano, gitaa, besi na drams. Mtunzi anaweza akaja na melodi tu na kordi zake kwenye kipande cha karatasi. Anayeamua nani ashike noti ipi, nani anyamaze, tarumbeta zizibwe mdomo au ziachwe wazi, huyo ndo mpangaji, arenja. Wimbo ule ule mpe arenja wawili utapata vitu viwili tofauti kabisa. Na kwenye makaratasi ya Duke hukuti imeandikwa "saksafoni alto ya kwanza", unakuta jina la mtu. Cootie, Ben, Harry, au "Rab" ambaye ni Johnny Hodges, walimwita Rabbit. Duke alikuwa haandikii chombo, anaandikia mtu, anajua huyu pumzi yake inaishia wapi na yule noti ya juu akiibana inalia vipi. Anachanganya, tromboni moja na klarineti moja na tarumbeta moja iliyozibwa, sauti inatoka hujui ni chombo gani. Strayhorn alilishika hilo haraka mno, af akaongeza la kwake.

Sasa twende kwenye kisa chenyewe, Januari 1941.

Marekani kulikuwa na chama cha watunzi, ASCAP, kinachokusanya mirabaha, yaani hela ya mtunzi wimbo wake ukipigwa. Mkataba wake na redio ulikuwa unaisha mwisho wa 1940, chama kikataka malipo yapande sana, wenye redio wakagoma na walikuwa wameshaunda chama chao pembeni, BMI, tangu 1939. Kuanzia tarehe 1 Januari 1941 wimbo wowote wa mwanachama wa ASCAP ukawa haupigwi kwenye redio hizo. Stesheni zikabaki kurudia nyimbo za zamani ambazo hazina mwenyewe tena, "Jeanie with the Light Brown Hair" ya karne ya 19 ikapigwa mpaka watu wakaichukia.

Duke alikuwa mwanachama wa ASCAP. Bendi yake iko California inapiga Casa Mañana, Culver City, na matangazo ya redio kutoka ukumbini ndo yalikuwa yanawaweka watu midomoni. Ghafla hawezi kupiga hewani chochote alichotunga. Hata wimbo wao wa kufungulia shoo, "Sepia Panorama", ulikuwa wake, umefungiwa! Ni kama una duka limejaa mzigo af umekatazwa kuuza ulichoshona mwenyewe.

Waliokuwa hawajajiunga na ASCAP ni vijana wawili, Strayhorn miaka 25 na Mercer 21. Kwahiyo kazi ikawaangukia wao kujaza daftari zima la bendi, fasta. Mercer akaja na "Things Ain't What They Used to Be" na "Blue Serge" na nyinginezo. Strayhorn akatoa "Chelsea Bridge", "After All", "Passion Flower", "Rain Check", "Johnny Come Lately", zote za kipindi hicho hicho. Mtu huandiki hivyo kama ulikuwa huna kitu moyoni kinasubiri mlango ufunguliwe.

Na "A Train"? Mercer alikuja kusimulia kwamba aliikuta kwenye takataka. Strayhorn kaitupa kwa sababu aliona inafanana sana na kazi za Fletcher Henderson. Henderson ndo aliyewafundisha karibu wote ule mchezo wa kugombanisha saksafoni na shaba (tarumbeta na tromboni), huyu anauliza yule anajibu, na kusema kweli "A Train" ina harufu hiyo. Mercer akaiokota. Tarehe 15 Februari 1941 ikarekodiwa Hollywood kwa ajili ya kampuni ya santuri ya Victor, ikachukua nafasi ya "Sepia Panorama" kufungulia shoo na haikutoka tena hapo maisha yote ya Duke.

Isikilizeni ile rekodi ya kwanza taratibu, haifiki hata dakika tatu kwa sababu upande mmoja wa santuri ya enzi hizo haukubeba zaidi. Piano inaanza na baa nne, yaani vipande vinne vya mapigo, zinazoelea, hatua nzima nzima bila nusu, hujui nyumbani ni wapi. Saksafoni zinaingia na melodi zote pamoja sauti moja, tarumbeta na tromboni zikiwa zimezibwa zinachomeka majibu pembeni. Uko ki ya C, melodi inatoka G inaruka mpaka E, vizuri tu, kila mtu anaielewa, af baa ya tatu inatua kwenye G shapu na chini yake kuna kordi ya D saba yenye noti ya tano iliyoshushwa nusu. Hapo ndo Strayhorn alipo. Henderson asingeiweka ile noti pale. Kwa mchezaji wa dansi haimsumbui kitu, anaendelea kucheza, ila mwenye sikio anageuza shingo. Af inakuja solo ya Ray Nance tarumbeta ikiwa imezibwa, ndo kwanza ana miezi michache tangu achukue kiti cha Cootie Williams, bendi inaibadilisha ki kutoka C kwenda E flati, na Nance anarudi safari hii tarumbeta wazi. Waliokuja baadaye wengi wanaopiga wimbo huu wanairudia ile solo kama ni sehemu ya utunzi.

Mgomo wa redio uliisha Oktoba 1941. Miezi kama kumi hivi hewa ya Duke ilikuwa mikononi mwa wale vijana wawili. Hiyo ndo nafasi ambayo mi kila nikikirudia hiki kisa natulia hapo. Mtu ana karata zote mkononi na hajui, au anajua na hataki kuzicheza.

Maana dili lenyewe lilikuwa hivi: hakuna mkataba. Duke analipa. Kodi ya nyumba, nguo, chakula, vinywaji, safari, Strayhorn anatumia bili inakwenda kwa bosi. Duke akafungua kampuni ya kuchapisha nyimbo, Tempo Music, Strayhorn akapewa kisehemu kidogo. Kwenye lebo za santuri jina linakuja linavyokuja, mara lake peke yake, mara la wote wawili, mara la Duke tu. "Something to Live For" aliitoa Pittsburgh ikiwa imeiva na ilipotoka 1939 ilikuwa na majina mawili. Na upangaji ndo kabisa, siku hizo lebo haikuwa inajisumbua kumtaja aliyepanga.

Najua hali hiyo kidogo. Mi napiga tromboni, na kuna bendi moja niliwaandikia sehemu za vyombo vya kupuliza kwenye albamu nzima, nyimbo nane, nakesha na penseli. Albamu ilipotoka kwenye jalada wamemshukuru mpaka aliyeleta chakula studio, mi sipo. Nilipouliza nikaambiwa lakini si ulilipwa nauli. Kwahiyo nikisema Duke si mwizi sisemi kwa sababu nampenda, nasema kwa sababu nimejaribu kuangalia bei ya soko.

Bei ya soko hii hapa. 1939, mwaka ule ule Strayhorn anaingia, Sy Oliver aliyekuwa anaipangia bendi ya Jimmie Lunceford alihamia bendi ya Tommy Dorsey, akaahidiwa dola 5,000 kwa mwaka juu ya alizokuwa anapata. Hela ndefu kwa wakati ule. Kwahiyo mpangaji mzuri mweusi alikuwa na thamani sokoni na ilijulikana. Upande mwingine Henderson mwenyewe, bendi yake ilikufa njaa akawa anauza makaratasi kwa bosi wa bendi nyingine, Benny Goodman, na Goodman ndo akapaa nayo 1935. Strayhorn angeweza kwenda njia yoyote. Angekwenda ya Oliver angepata mshahara wa kueleweka na bosi asiyemwelewa.

Alibaki kwa mambo mawili naona. La kwanza, unaandika usiku kesho yake Johnny Hodges anakupigia. Pesa hainunui hiyo. La pili halisemwi sana kwenye meza zetu ila lazima lisemwe: Strayhorn alikuwa shoga na hakujificha, miaka ya 40, Marekani ile. Aliishi na mpiga piano Aaron Bridgers. Mtu wa mbele ya bendi anahojiwa, anapigwa picha, anatengenezewa mke kwenye magazeti. Mtu wa nyuma anaachwa aishi. Kivuli cha Duke kilikuwa kivuli kweli, cha kukaa ukikimbia jua ukapata ahueni, mpaka siku unapotaka kuonekana.

Na siku hiyo ilifika. Desemba 1946 Broadway wakafungua tamthilia ya muziki, "Beggar's Holiday". Duke alikuwa barabarani na bendi, Strayhorn ndo anahangaika na waigizaji na kubadilisha nyimbo dakika za mwisho. Bango likasema muziki wa Duke Ellington. Kuanzia hapo kidogo kidogo akajitoa, mwanzoni mwa miaka ya 50 alikuwa mbali kabisa, akifanya mambo yake New York. Na bendi nayo ikapwaya, Hodges mwenyewe aliondoka 1951.

Aliporudi katikati ya miaka ya 50 mambo yalikuwa yamebadilika, na hiki kipande watu wanakiruka. Hodges alisharudi 1955, tamasha la jazz la Newport 1956 likamrudisha Duke kwenye ramani, na kazi kubwa zilizofuata zikatoka na majina yote mawili waziwazi. "Such Sweet Thunder" ya 1957 waliyoitoa kwa Shakespeare, na 1960 "The Nutcracker Suite" ya Tchaikovsky waliyoigeuza kuwa swing, jina na picha ya Strayhorn vikakaa mbele kwenye jalada. Miaka 21 tangu ahamie Harlem! Hakupata kwa kupiga kelele, alipata kwa kutokuwepo. Bosi aligundua urefu wa shimo alipolitazama likiwa wazi.

Lakini hata baada ya hapo karatasi ilibaki kuwa tatizo. 1963 serikali ya Marekani iliwapeleka ziara ya Mashariki ya Kati na Asia, Duke akaugua Delhi na Strayhorn akakaa kwenye piano badala yake. Iliyotoka humo ni "Far East Suite", na kipande kizuri kuliko vyote humo ni "Isfahan", Hodges anakipiga mpaka unataka kuhamia Iran. Basi Strayhorn aliiandika kabla hata ya safari, ikiitwa "Elf". Ikabadilishwa jina, ikapewa mji, na majina mawili. Haya mambo yalikuja kujulikana vizuri pale makaratasi yenyewe yalipofunguliwa, Smithsonian, makumbusho ya taifa Marekani, walichukua ya Duke 1988 na mtafiti mmoja Mholanzi, Walter van de Leur, akakaa chini na miandiko miwili mpaka akaweza kusema huu mkono ni wa Duke na huu wa Strayhorn. Na kumbe hata walivyofikiri hawakufanana sana kama tulivyodhani, Strayhorn anapenda kuunganisha sehemu zake mwanzo mpaka mwisho kama mshono usioonekana, Duke anabandika kiraka kikali pembeni ya kiraka kikali na kinakubali.

Halafu kuna "Satin Doll". Hii kwa sisi tunaopanga ndo kesi ya kubandika ukutani. 1953 Duke alisajili melodi tupu, mtunzi yeye peke yake. 1958 ikasajiliwa nyingine yenye mashairi na kordi, majina matatu sasa, Ellington, Strayhorn na Johnny Mercer, huyu ni mwandishi wa mashairi sio Mercer mtoto wa Duke. Watu wote wameshakufa, kampuni zikafikishana mahakamani New York, upande mmoja unasema kordi ni kitu cha kawaida tu, zinafuata melodi, hazina mwenyewe. 1993 jaji akakataa kulikubali hilo kama kanuni, akasema kordi zinaweza kuwa ubunifu wenye haki yake, inategemea na kordi zenyewe. Mi ningempelekea ile G shapu akae nayo.

Ningekuwa rafiki yake Januari 1941 ningemwambia nini? Sio aondoke. Ningemwambia asajili kila kitu na kordi zake ndani, sio melodi peke yake, na aombe kwenye Tempo fungu linaloendana na nani aliyekuwa anaibeba redio mwaka ule. Angepewa, Duke hakuwa mjinga. Shida ni nani anaenda kuomba mgao kwa mtu anayekulipia kodi ya nyumba, aliyekupokea kwake ukiwa na begi moja, na ambaye kila akikutambulisha jukwaani anakusifu mpaka unaona aibu. Mwajiri mbaya unamdai bila kusita. Huyu alikuwa mwajiri mzuri.

Strayhorn aligundulika na saratani ya umio 1964. Wimbo wake wa mwisho, "Blood Count", aliumalizia akiwa hospitali na karatasi zikapelekwa kwa bendi. Alifariki tarehe 31 Mei 1967, miaka 51.

Mwezi wa nane mwaka huo Duke aliwaingiza watu studio kurekodi sahani nzima ya nyimbo za Strayhorn. Kazi ikaisha, watu wakaanza kujiandaa kuondoka, Duke akabaki kwenye piano akaanza "Lotus Blossom", wimbo ambao alisema Strayhorn alipenda kuliko zote kumsikia akiupiga. Iko kwenye sahani vile vile ilivyotokea. Mwanzoni unasikia watu wanaongea nyuma, makoti, masanduku ya vyombo yanafungwa, na mzee anaendelea kupiga, anaurudia, sauti za nyuma zinapungua kidogo kidogo, na mkanda haukuzimwa.